Namba Yangu Kifuani Mwake

Taarifa za siku ya mashindano zilinifikia kwenye simu Jumatano mchana, nikiwa nimekaa barazani kwangu, mtaa wa Kyebando. Zilikuwa kurasa nne za Kiingereza: saa ya kufunguliwa mageti, mahali pa kuacha mifuko, vituo vya maji, hema la huduma ya kwanza, barabara zitakazofungwa. Nilipofika kifungu cha tisa niliweka simu chini, nikaingia ndani kunywa maji, nikarudi nikakisoma tena. Kilisema kwamba namba ya mkimbiaji ni yake peke yake. Atakayekimbia na namba ya mtu mwingine hatakuwa na matokeo, na mwenye namba naye atafutwa. Palipo na kosa la jina, mhusika aje na kitambulisho chake kwenye hema la usajili kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, atarekebishiwa.

Namba yenye jina langu nilikuwa nimempa mtu mwingine jana yake. Kwa hiyo siku hiyo ya Jumatano nilijua kosa, nilijua dawa yake, na nilijua siku ya mwisho ya dawa hiyo. Naliandika hili mwanzoni ili msomaji asije akadhani kwamba sikujua.

Nilifanya ukarani miaka thelathini na moja katika gereji ya malori. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, na Kiswahili nilikuwa nacho tangu utotoni, kwa sababu sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari waliosema Kiswahili kambini, na baba yangu alivaa sare ya polisi mpaka alipostaafu. Madereva wetu walikuwa Wakenya, Wakongo, Wasudani, kila mmoja na karatasi zake za mpakani, na mimi ndiye niliyewajazia. Nilikuwa na desturi moja niliyojivunia. Fomu mpya ikija, nakala ya kwanza niliijaza kwa jina langu mwenyewe na tarehe yangu ya kuzaliwa, nione inataka nini na inakataa nini. Kisha naichana, ndipo nakaa na fomu ya kweli. Madereva walinicheka. "Karani, leo unavuka tena mpaka wewe?" Niliwaacha wacheke. Fomu zangu hazikurudishwa hata siku moja.

Nyuma ya nyumba yangu kuna kanisa dogo la mabati la Wakongo. Waumini wake wanane walikuwa wakikimbia pamoja kila asubuhi, wanaume kwa wanawake, na mwaka ule kanisa likawalipia nafasi nane katika nusu marathoni. Mchungaji alikuja kwangu na orodha ya majina. Alijua mimi ni Muislamu, lakini alijua pia kwamba nina Kiingereza na nina muda. Fomu ilikuwa ya kujazwa kwenye simu. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kazi ya fomu ndiyo kazi yangu.

Katika wale wanane, saba walikimbia kwa kupenda tu. Wa nane alikimbia kwa sababu nyingine. Alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na saba kutoka Kivu, mwenye mke na binti mdogo, mwembamba, mpole, mwenye miguu ambayo hata mimi nisiyejua riadha niliiona si ya kawaida. Kocha wa timu ya riadha ya kampuni moja ya ulinzi alikuwa amemwona akikimbia barabarani. Akamwambia: niletee matokeo rasmi ya nusu marathoni, chini ya saa moja na dakika nane, yenye jina lako, kabla sijafunga orodha ya mwaka huu. Kuingia timu ile ni kuingia kazini. Unakimbia asubuhi, mchana unashika lindo, na unapewa chumba kwenye kambi yao. Fundi aliniambia haya mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuliharibu jambo kwa kulitaja.

Jioni ile nilifungua fomu, na vidole vyangu vikafanya vilichozoea kwa miaka thelathini na moja. Niliandika jina langu. Nikaandika mwaka wangu wa kuzaliwa, namba ya kitambulisho, saizi ya fulana. Nikabonyeza pale chini nione kama itakubali. Ikakubali. Ikaniandikia hongera, nimesajiliwa.

Hapakuwa na karatasi ya kuchana.

Nilitafuta mahali pa kufuta kwa muda wa nusu saa, sikupaona. Nikajiambia nitapaona kesho. Niliendelea na wale wengine, na fundi alikuwa wa mwisho kwenye orodha kwa sababu mwenyewe alisema, akiniita papa, yaani baba, "Andika kwanza wenzangu, papa. Mimi jina langu ni refu, litakuchosha." Nilipofika kwake simu ikaniambia kwamba nafasi za kundi hili zimekwisha.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Kanisa liko hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu. Ningekwenda jioni ileile nikamwambia mchungaji, "Nimejiandika mimi kwa ujinga, tufanyeje?" angecheka, na jambo lingekwisha. Sikwenda. Niliona haya. Watu walikuwa wameniletea kazi moja niliyoijua kuliko kazi zote, na nilikuwa nimeiharibu kwa kutumia ujuzi wangu wenyewe. Nilipiga simu kwa waandaaji mara mbili, haikupokelewa, sikupiga mara ya tatu. Kila jioni nilipokutana na fundi aliniuliza, "Papa, iko tayari?" Nami nikajibu, "Tayari." Ukishalisema neno hilo mara nne au tano, la kweli linakuwa gumu kulitoa.

Jumanne nilikwenda kuchukua bahasha nane. Katika yangu kulikuwa na fulana, pini nne, na namba. Chini ya namba, jina langu lote. Juu yake, kwa herufi nyekundu: miaka sitini na zaidi. Nikaipeleka kwa fundi, kwenye chumba chake cha kushonea. Mkewe alikuwa akipiga pasi suruali za wateja.

Fundi aliigeuza namba mara mbili. "Papa, hii jina si yangu."

"Ni mambo ya kompyuta," nilisema. "Wao wanaangalia namba. Namba ni namba."

"Na saa yangu itaandikwa?"

"Itaandikwa. Kuna kidude nyuma hapo, ndicho kinachopima."

Mkewe alisimamisha pasi. "Na kocha? Akiona jina la papa, atajuaje ni bwana yangu?"

"Tutamweleza."

Akarudi kwenye suruali. "Haya. Wewe ndiye unajua makaratasi, papa."

Alhamisi alasiri tulikutana uani kwa kanisa niwasomee zile taarifa kwa Kiswahili. Walikaa kwenye mabenchi, fundi nyuma kabisa, mikono magotini. Nilisoma vizuri, najua kusoma mbele ya watu. Mageti saa kumi na nusu alfajiri. Mbio kuanza saa kumi na mbili kamili. Mfuko upewe lebo yenye namba yako, hema la mifuko linafungwa nusu saa kabla ya mbio. Namba ibandikwe kifuani kwa pini zote nne, isikunjwe, isifunikwe na koti. Nyuma ya namba uandike simu ya ndugu yako.

"Ya nini simu ya ndugu?" aliuliza muuza vitenge mmoja, mwanamke mwenye mdomo mwepesi kuliko wote.

"Ukianguka wampigie."

"Basi mimi naandika ya mchungaji. Ndugu zangu wakisikia nimeanguka watauliza kwanza vitenge viko wapi."

Wakacheka, hata fundi. Nikaendelea. Kifungu cha saba, maji kila baada ya kilomita tatu. Cha nane, hakuna kuvaa vidude vya muziki masikioni. Cha kumi, atakayezidi saa tatu na nusu apande gari la wanaochelewa.

"Papa," alisema yule wa vitenge, "umeruka tisa."

"Nimeruka?"

"Umesema nane, ukasema kumi. Mimi nahesabu, nisije nikapandishwa gari."

Wote walikuwa wakinitazama. Fundi pia alikuwa akinitazama, bila shaka yoyote usoni, akingoja tu.

"Tisa ni ya wenye baiskeli," nilisema. "Haituhusu."

"Kuna baiskeli?"

"Za walemavu. Tuendelee."

Tukaendelea. Jioni nilirudi nyumbani, nikaswali, na baada ya swala nilikaa pale kwenye mkeka muda mrefu kuliko kawaida. Nilijiambia kesho ni Ijumaa, nina mchana mzima. Ijumaa nilikwenda msikitini, nikarudi, nikalala kidogo. Nilipoamka ilikuwa saa kumi na moja na robo, na nakiri kwamba nilipotazama saa, kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa nafuu.

Jumapili kulikuwa na ubaridi na mawingu, hali ya hewa nzuri kwa mbio. Njia ilipanda Mulago, ikapita kwetu Kyebando, ikazunguka mpaka Kyambogo kabla ya kurudi uwanjani. Nilisimama kando ya barabara, karibu na wauza chapati, kuwangoja. Walipita kwanza kumi hivi waliokimbia kwa kundi, kimya, unasikia viatu tu. Fundi alikuwa katikati yao. Fulana yake ilikuwa imelowa, uso wake umetulia kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, na kifuani, kwa pini nne, jina langu.

"Papa!" alinipungia mkono, hakupunguza mwendo.

Mwuza chapati aliuliza, "Mzee, huyo mwanao?"

"Jirani," nikasema.

Nilichukua bodaboda kwa njia za nyuma nikafika uwanjani mapema. Mke wa fundi alikuwa pale kwenye vizuizi, na binti yao mgongoni. Kwenye geti la kumalizia palikuwa na saa kubwa ya taa nyekundu, na kando yake jukwaa la mtangazaji. Kila mtu alipovuka mstari, jina lake lilitokea kwenye kompyuta ya mtangazaji, naye akalisoma kwa kipaza sauti. Hilo sikulijua. Halikuwa kwenye zile kurasa nne.

Fundi alivuka mstari akiwa wa tisa. Saa ilisoma saa moja, dakika sita na sekunde kumi na mbili. Mkewe alipiga kelele, akanishika mkono, akauachia, akapiga kelele tena. Ndipo mtangazaji akalisoma jina langu.

Alilisoma lote, kisha akaiinamia kompyuta. "Ngoja. Ngoja, mabibi na mabwana. Kompyuta inaniambia mzee huyu ana miaka sitini na saba!"

Uwanja ukalipuka. Watu walidhani ni kweli, wakapiga makofi, kisha wakamwona fundi ameinama akishika magoti, hana mvi hata moja, na vicheko vikaanza. "Mzee, unakunywa dawa gani?" alipiga kelele mmoja. "Jajja, babu yetu, tupe na sisi!" Mtangazaji naye alicheka, akasema teknolojia ya leo inafanya miujiza. Fundi aliinua kichwa akitabasamu. Hakuelewa Kiingereza cha mtangazaji. Alidhani wanamshangilia.

Waamuzi wawili walimjia. Mmoja, mwanamke wa makamo mwenye kofia, aliishika namba kifuani pake kwa vidole viwili na kuisoma. Nilikuwa umbali wa kama hatua ishirini. Nilimsikia akimuuliza kwa Kiswahili, "Wewe una miaka sitini na saba?"

"Hapana, mama."

"Hii namba ya nani?"

Fundi aligeuka kunitafuta kwenye watu. Nami, na hili ndilo linalonirudia zaidi ya yote, niliinamisha kichwa. Labda ulikuwa muda wa kuvuta pumzi mara tatu. Nilitazama viatu vyangu, na mke wake alikuwa kando yangu akinitazama. Nilipoinua kichwa walikuwa wameshafungua pini mbili.

Nilipita chini ya kizuizi nikaenda. Nilimwambia yule mwanamke kwamba namba ni yangu, nafasi ilikuwa ya fundi, na nimeichukua mimi kwa kosa nililofanya kwenye fomu. Kwamba kifungu cha tisa nilikisoma nikakificha. Nilisema yote, kwa Kiingereza kwanza, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili fundi asikie. Alisikiliza huku akipumua kwa nguvu, jasho likimtoka kidevuni.

"Mzee," alisema mwamuzi, wala hakuwa mkali, "nashukuru umesema. Lakini nitamwandika wapi? Kwenye orodha hayupo. Kwa mbio hizi, kijana huyu hakukimbia."

"Lakini umemwona akikimbia."

"Nimemwona."

Akafungua pini mbili zilizobaki, akamkabidhi mkononi zote nne, akaondoka na namba.

Jumatatu nilikwenda kwa kocha wa ile kampuni. Fundi sikumwambia. Kocha alikuwa mtu mnene mwenye filimbi shingoni, alinipa kiti. Nilimweleza. Alisema alikuwepo uwanjani, alimwona fundi kwa macho yake, na muda wake aliupima kwa saa yake mwenyewe. "Ningependa kumchukua," alisema. "Lakini orodha yangu inakwenda ofisini na karatasi za matokeo. Nikipeleka jina lisilo na karatasi wataniuliza, nami nikieleza nitasema nini? Kwamba alivaa namba ya babu? Sisi ni kampuni ya ulinzi, mzee. Watasema huyu ni mdanganyifu."

"Mdanganyifu ni mimi."

"Najua. Lakini wewe huombi kazi."

Alifunga orodha Ijumaa ile. Niliandika barua kwa waandaaji, kurasa mbili, nikaeleza kila kitu ili wasimfungie fundi mbio za mbele. Walijibu kwamba hawatamfungia. Niliipeleka barua yao kwa mchungaji, nikamwomba radhi mbele ya wale wanane kwenye yale mabenchi. Muuza vitenge hakufanya mzaha wowote siku hiyo. Mmoja wao, kijana anayeuza simu, alisema, "Papa, mimi mbio zile nilikimbia nusu tu, nikapanda gari. Ungesema, ningempa nafasi yangu. Na Ijumaa wangebadilisha jina."

Fundi alikuja kwangu siku chache baadaye. Nilimkaribisha ndani, akakataa, tukakaa barazani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na labda yangenisaidia.

"Papa," alisema, "sikukasirika kwa fomu. Fomu kila mtu anakosea. Lakini nilikuuliza kila jioni."

"Uliniuliza."

"Kila jioni ukasema tayari."

"Nilisema."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha kipimo kabla ya kukata kitambaa, kisha akaniaga kwa adabu zote, akaenda.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Fundi bado anashona, na bado anakimbia. Nilimrudia kocha mara mbili zaidi, na mara ya pili ya hizo akaniambia kwamba mwaka huu orodha itafunguliwa tena, fundi akileta karatasi yenye jina lake atamwangalia kama mwingine yeyote. Nilitoka pale nimefurahi kama mtoto. Nilikwenda moja kwa moja kumpa habari.

Alikuwa kwenye cherehani yake, mkewe kando akihesabu vifungo. Nilimweleza nilichosikia.

"Aksanti, papa," alisema. "Nilikwenda kwake wiki iliyopita. Aliniambia."

"Ulikwenda? Hukunieleza."

"Sikukueleza."

Nilisema kwamba usajili wa mbio umefunguliwa juzi, na kama anahitaji mtu wa kumsaidia Kiingereza. Sikuimaliza sentensi. Simu yake ilikuwa juu ya kitambaa, imewaka, na hata kwa macho yangu haya niliitambua fomu ile, visanduku vyake, nusu vimejazwa. Mkewe aliacha kuhesabu. Fundi alinitazama vizuri, akaniuliza hali ya afya yangu, akaniuliza kama nimekula, na huku akiniuliza aliigeuza simu ikalala kifudifudi juu ya kitambaa.

Nilimwambia nimekula. Nikawaaga, nikarudi nyumbani.